Baiskeli ya kukunja ya mtumba: bei halali ni ipi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Kigamboni, kazini ni Posta, ghorofa ya tatu. Nataka baiskeli ya kukunja ili nivuke nayo kwenye pantoni kisha niiweke chini ya meza. Nimepata moja, mtumba wa Japani: matairi inchi 20, fremu ya alumini, gia 6, ubavuni imeandikwa jina la gari. Muuzaji anataka 350,000, mwisho wake anasema 300,000. Matairi yamepasuka, gia mbili zinaruka nikikanyaga kwa nguvu, na usukani unacheza kidogo. Jirani yake anayo inayofanana nayo, imeshatengenezwa na inaendeshwa, 330,000 ya mwisho. Bei za vipuri nimeshaulizia kwa fundi wa mtaani, na orodha yake nimekutumia. Nilipe ngapi?

Jibu: Ndugu yangu, 300,000 ni nyingi. Kwa jinsi ulivyoieleza, baiskeli hiyo haizidi 170,000, na hata hizo usizitoe mpaka ujue usukani unachezea wapi. Matairi na gia ni hesabu ya dukani. Usukani ni jambo jingine kabisa, ndiyo maana naanza nao.

Baiskeli ya kawaida ina fremu moja isiyo na kiungo. Ya kukunja imekatwa katikati ikaungwa kwa bawaba, usukani wake umekaa juu ya nguzo ndefu yenye bawaba yake, na bomba la siti ni refu, mara nyingi sentimita 55 hadi 60. Thamani yote iko kwenye viungo hivyo vitatu. Vikiwa vizima, kilichobaki chote kinabadilishika. Kimoja kikifa, unachonunua ni vipuri, tena vingine haviingii kwenye baiskeli nyingine yoyote.

Sasa ushike usukani huo. Bana breki ya mbele, simama ubavuni, sukuma mbele na nyuma taratibu huku vidole vya mkono wa pili vikigusa kiungo kimoja baada ya kingine. Anzia chini, pale nguzo inapoingia kwenye fremu, kwenye vikombe vya gololi. Ukisikia kugonga hapo, una bahati: kukaza vikombe au kubadilisha gololi ni kazi ndogo ambayo kila fundi baiskeli anaijua. Panda mpaka kwenye bawaba ya nguzo. Ikigonga hapo, fungua komeo na utafute nati au boliti inayolikaza. Komeo zuri huanza kuwa gumu likiwa nusu ya safari yake, na humaliziwa kwa kusukumwa na kiganja kwa nguvu. Likifungika kwa kidole kimoja, limelegea. Likitaka kupigwa teke, kuna mtu amelikaza kupita kiasi na bawaba inateseka kila linapofungwa.

Kaza robo mzunguko, funga, jaribu tena. Kucheza kukiisha baada ya robo mbili au tatu, ulikuwa ulegevu tu na hakuna cha kukatwa kwenye bei. Komeo likishakuwa gumu kufunga na usukani bado unagonga palepale, pini imelika au tundu lake limetanuka na kuwa na umbo la yai. Hapo angalia bawaba ni ya nini. Jaribu kwa sumaku. Ikiwa ya chuma, fundi mkerezaji anaweza kukukerezea pini nene kidogo pamoja na bushi yake, ukakata gharama hiyo kwenye bei. Ikiwa ya alumini na tundu limetanuka, iache. Kuna nguzo zenye kiungo cha ziada juu, bomba linaloingia ndani ya bomba ili kupandisha usukani. Hapo kinachocheza mara nyingi ni klipu au kipande cha plastiki cha ndani, si hatari kubwa, ila plastiki hiyo si rahisi kuipata.

Bawaba ya fremu ichunguze kwa utulivu zaidi, maana kulika kwake hakuonekani baiskeli ikiwa imesimama. Ikunje, kisha tazama nyuso mbili zinazokutana. Nyuso nzima zina alama za kugusana zilizosambaa sawasawa. Ukiona sehemu moja inang'aa kama imesuguliwa kwa msasa, hasa kwenye ukingo wa chini au wa juu, baiskeli imetembezwa muda mrefu komeo likiwa limelegea. Kisha chukua ukanda wa karatasi ya risiti, uweke katikati ya nyuso hizo upande wa juu, funga komeo, uvute. Rudia upande wa chini. Karatasi ibanwe kote. Ikitoka kirahisi upande mmoja, bawaba imepinda au imelika, na hakuna kukaza kutakakorudisha uso uliokwisha.

Halafu utafute ufa. Nenda na tochi, kitambaa na mswaki wa zamani. Safisha grisi na vumbi kuzunguka mishono ya kuchomelea pande zote mbili za bawaba, chini ya nguzo ya usukani, na pale bomba la siti linapotoka kwenye fremu. Mkwaruzo uko kwenye rangi tu, unaanza na kuisha bila mpangilio. Ufa ni mstari mwembamba, mara nyingi mweusi, unaofuata ukingo wa mshono. Pitisha ukucha uone kama unakwama, na ukibonyeza fremu chini kwa siti, tazama kama mstari unapumua. Rangi mpya sehemu za bawaba tu, wakati kwingine ni ya kiwandani, ni sababu tosha ya kuondoka.

Muuzaji atakwambia ufa unachomelewa. Kwa fremu ya chuma, fundi mzuri anaweza, ingawa bawaba ikipata joto hupinda na nyuso hazikutani tena. Kwa alumini usikubali. Fremu nyingi za alumini ni aloi ya 6061, ambayo baada ya kuchomelewa kiwandani hupikwa kwenye tanuri ili irudishiwe nguvu yake. Fundi wa mtaani akiichomelea tena, joto linaondoa nguvu hiyo kuzunguka mshono, na tanuri hana. Chuma hupinda kwanza ukapata onyo, alumini hukatika. Nguzo ya usukani ikikatika kwenye mteremko, unatua kwa uso. Kwa hiyo baiskeli ya alumini yenye ufa kwenye kiungo haina bei ya baiskeli, hata ikiwa nzuri vipi pengine pote.

Bomba la siti halichukui muda. Lichomoe lote. Lazima uone alama ya mwisho wa kupandisha, na mikwaruzo isiwe chini ya alama hiyo, maana ikiwa hivyo aliyeitumia alikuwa akilipandisha kupita kiasi na huenda amepanua mdomo wa fremu. Liviringishe juu ya meza iliyonyooka: lililopinda litarukaruka. Mulika ndani ya fremu uone kutu kama ni ya chuma. Kipenyo huwa kimegongwa kwenye bomba lenyewe. Baiskeli nyingi za kukunja za kampuni za Dahon na Tern hutumia milimita 33.9, za Brompton 31.8, na la baiskeli ya kawaida haliingii mahali pa hilo. Bomba lililopinda au kukosekana ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana.

Umesema matairi ni ya inchi 20 na yamepasuka. Kabla ya kukata bei ya matairi, soma namba ubavuni, kwa sababu inchi 20 ziko za aina mbili na haziingiliani. Tafuta namba yenye kistari, mfano 47-406 au 37-451. Namba ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita pale tairi linapokaa. 406 ndiyo ya BMX na baiskeli nyingi za watoto, kwa hiyo tairi na tyubu unazipata kwa mafundi wengi. 451 ni rimu kubwa zaidi kwa milimita 45, ipo kwenye baadhi ya baiskeli za Japani, na kuipata kwetu ni kazi. Kama namba hiyo imefutika, tazama ile ya inchi: ikiandikwa kwa nukta, kama 20x1.75, kwa kawaida ni 406. Ikiandikwa kwa sehemu, kama 20x1 3/8, kwa kawaida ni 451. Ikiwa hiyo unayoiangalia ni 451 na matairi yote mawili yamekufa, usikubaliane bei yoyote kabla hujayashika matairi mapya mkononi. Mtego huohuo upo kwenye inchi 16: 305 ni ya watoto, 349 ni ya Brompton na zinazofanana nayo.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi hawakifanyi. Weka rula katikati ya miguu ya uma wa mbele, pale ekseli inapokaa. Milimita 100 ni habu (kitovu cha gurudumu) ya kawaida, hata ikifa unaibadilisha. Milimita 74 ni habu nyembamba ya Dahon, Tern nyingi na Brompton, na ikifa hapa Dar utaitafuta sana. Zungusha gurudumu ukiwa umeshika uma: mkwaruzo kama wa mchanga maana yake gololi na vikombe vimelika. Usipuuze hili kwa sababu baiskeli ni ndogo. Gurudumu la inchi 20 linatembea kama mita moja na nusu kwa mzunguko, la inchi 26 zaidi ya mita mbili. Kwa safari ileile, habu na tairi la baiskeli yako vinazunguka mara nyingi zaidi kwa takriban theluthi moja, na uchakavu unafuata hapohapo. Ndani ya magurudumu hayo tazama pia uso wa rimu unaoguswa na breki; weka rula kwa kukingama, na ukiona umeingia ndani kama bakuli, rimu imekwisha.

Gia zinazoruka zina sababu mbili, na bei zake ziko mbalimbali. Zikiruka zenyewe huku unakanyaga polepole, cheni ikitafuta gia ya jirani, ni waya wa kukaza au ni chuma kidogo kinachoshikilia kifaa cha nyuma cha kuhamisha cheni kimepinda. Kwenye inchi 20 kifaa hicho kinaning'inia karibu na ardhi na hugongwa na mawe. Simama nyuma yake uone kama kimesimama wima. Lakini wewe umesema zinaruka ukikanyaga kwa nguvu. Huo ni uchakavu wa meno. Pima cheni kuthibitisha: hesabu pini 24 ukianzia inayofuata ile uliyowekea sifuri ya rula, kutoka katikati hadi katikati. Cheni mpya inatoa milimita 304.8. Ikifika 306 na nusu inatakiwa kubadilishwa. Ikifika 308, imekula na meno ya friwili, ile seti ya gia za nyuma, na ukiweka cheni mpya peke yake itaruka kuliko ya zamani. Panga gharama ya vyote viwili.

Mengine yapitie haraka. Cheni yenye kutu juujuu si tatizo, kontena husafiri baharini muda mrefu. Tairi lisilo na upepo, pedali zilizogeuzwa, usukani uliolegezwa kwa ajili ya kufunga mzigo, yote ni ya kawaida kwa mali iliyoshuka karibuni. Kengele, madigadi na kerea visikupandishie bei. Jina la gari ubavuni pia. Japani majina kama Chevrolet, Hummer na Jeep yamekuwa yakiuzwa kwa leseni na kubandikwa kwenye baiskeli za bei nafuu. Baiskeli yenyewe inaweza kuwa nzuri, ila hulipii nembo. Kilicho na thamani ya kweli kwako ni uzito, maana unapanda ghorofa tatu. Simama kwenye mizani bila baiskeli, kisha ukiwa umeibeba. Za chuma za inchi 20 huwa kilo 14 hadi 16, za alumini zilizo nzuri 11 hadi 13. Muuzaji akisema alumini na mizani ikasema 15, toa tena ile sumaku.

Ikitokea akakuonyesha yenye injini ndogo ya umeme, kumbuka kwamba umeme wa Japani ni volti 100 na wetu 230. Chaja ya kule ukiichomeka moja kwa moja ukutani inaweza kuungua. Betri ya mtumba ambayo hujaiona ikibeba baiskeli kwa kilomita kadhaa ihesabu kuwa haipo, ulipe bei ya baiskeli nzito isiyo na umeme. Na Brompton ni soko jingine kabisa: bei yake inafuata ya Ulaya na Japani, vipuri vyake ni vya kuagiza, na zipo za kuiga zinazokunjika vilevile, kwa hiyo jina peke yake lisikupeleke huko.

Haya, hesabu. Bei ya juu kabisa haitoki kwenye mdomo wa muuzaji. Inatoka kwa ile ya jirani, kwa sababu inafanana nayo na inaendeshwa: 330,000. Kutoka hapo toa kila kitu kinachohitajika ili ya kwako ifikie hali hiyo, kwa bei ulizotajiwa na fundi wako:

matairi mawili, 40,000
tyubu mbili, 12,000
cheni, 12,000
friwili ya gia 6, 18,000
waya tatu na maganda yake, 12,000
raba za breki, 8,000
ufundi, 25,000

Jumla 127,000. Inabaki 203,000. Hapo ndipo baiskeli mbili zinalingana kwa fedha, lakini hazilingani kwa usumbufu. Wewe ndiye utakayehangaika na fundi, na vitu vilivyojificha, kama habu na ekseli ya pedali, huvijui mpaka vifunguliwe. Kwa hilo hukatwa sehemu moja ya kumi ya bei ya juu, yaani 33,000. Inabaki 170,000. Anza na 140,000, simama 170,000. Hesabu hii inachukulia kuwa usukani unahitaji kukazwa tu. Ukihitaji pini ya kukereza, toa na bei ya mkerezaji. Tundu la alumini likiwa limetanuka, hesabu inaishia hapo hapo, huinunui.

Wengi huniuliza kwa nini baiskeli ya kukunja iliyochoka ishuke bei kuliko baiskeli ya kawaida iliyochoka vilevile, wakati zikiwa nzima ya kukunja ndiyo ghali. Ni kwa sababu ile nyongeza ya bei ni ya kukunja. Kukunja kukiwa na kasoro, nyongeza inaondoka yote, na unabaki na baiskeli yenye vipuri vigumu kupatikana. Hapo haistahili hata bei ya ile ya kawaida.

Unapojadiliana, usimwambie muuzaji baiskeli yake ni mbovu. Mpitishe kwenye orodha, kitu kimoja kimoja na bei yake, huku ameshika mwenyewe: tairi hili, cheni hii na rula yake. Wauzaji wa mtumba wanajua bei za vipuri kuliko sisi na hawabishani na namba. Akikataa chini ya 250,000, mwombe aitengeneze yeye kwa mafundi wake na uje kuilipia 300,000 ikiwa inaendeshwa. Mara nyingi vipuri yeye anavipata kwa bei nafuu, kwa hiyo makubaliano hayo yanaweza kuwafaa wote wawili.

Kabla ya kutoa fedha, pindua baiskeli usome namba iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali. Iwe inasomeka na isiwe imesuguliwa. Za Japani mara nyingi zina pia stika ya usajili ya huko kwenye fremu. Iache ilivyo, inasaidia kuonyesha ilikotoka. Muuzaji wa kontena akuandikie risiti yenye namba hiyo. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano mbele ya mjumbe, na nakala ya kitambulisho chake ubaki nayo.

Ukishaichukua, kunja na kukunjua mara kumi palepale, panda, ipitishe kwenye matuta ukiwa umesimama kwenye pedali, kisha rudi ukaguse makomeo yote mawili. Yasiwe yamelegea. Baada ya wiki ya kwanza yakague tena, kisha kila mwezi, na kwa kuwa unavuka bahari kila siku, futa chumvi kwenye bawaba kwa kitambaa chenye maji baridi na utie tone la mafuta kwenye pini, si kwenye nyuso zinazokutana.

Ila kabla ya yote hayo, ile ya 330,000 ipimwe kwa karatasi, sumaku na rula zilezile. Ikipita, kwa mtu anayehitaji kwenda kazini Jumatatu, ningeitolea 300,000 nikaacha ya kwanza. Ukienda, anzia kwa jirani.